Matokeo: Sifuri

Kila asubuhi, kabla ya chai, nafungua daftari la waliokosa.
Mashine huliandika usiku, bila huruma:
epilesi — matokeo: sifuri.
epelepsi — sifuri.
dawa ya kuanguka — sifuri.
mutoto anaanguka anatoa pofu — sifuri,
saa nane na dakika kumi na mbili za usiku,
na tena saa nane na ishirini, neno moja limebadilishwa,
kama mtu anayejaribu shada zima la funguo
kwenye mlango wa zahanati.

Dawa tulikuwa nayo. Makopo kumi na manne,
rafu ya pili, nyuma ya bandeji.

Bahizire, aliyetuchorea kurasa,
anapenda vichwa vilivyopigwa pasi.
ÉPILEPSIE, aliandika, na kile kistari juu ya E
kimelala upande kama kofia ya bwana harusi.
Nikamwambia: hakuna anayekuja na kistari hicho.
Akasema: basi tuweke swali, Je, ulimaanisha…?
Nami nikasikia fimbo ya mwalimu Namegabe
ikigonga ubao, darasa la tatu, Bagira,
na sisi tumeficha mikono kwapani.

Nikamchukua kwa miguu hadi Kadutu.
Unapajua pale KUAFERE YA AMANI?
Kibao kile kimekosewa tangu nikiwa mgongoni mwa mama.
Mwaka mmoja mwenye saluni alipata pesa,
akamwita fundi, akaandika COIFFURE, f mbili, rangi ya dhahabu,
na wiki nzima watu wakapotea.
Wenye pikipiki walibishana na abiria.
Mgeni wa harusi akaishia matangani, akala, akalia.
Jumatatu fundi akarudi na ndoo.
Kosa likapanda juu tena,
kubwa kuliko mwanzo.

Na mama yangu (hili sikumwambia Bahizire)
alikaa kwenye benchi la ofisi ya komini kutwa nzima
akisubiri jina lake liitwe. Liliitwa. Mara tatu.
Karani alilisoma kama lilivyoandikwa,
na lilikuwa limeandikwa vibaya.
Akarudi bila kadi, ameyakasirikia masikio yake.

Sasa kichwa cha ukurasa ni hiki, herufi nene:
KIFAFA, UGONJWA WA KUANGUKA
na chini yake, wino mwepesi, bila kumcheka mtu:
Wengine huandika epilesi, epelepsi, kifwafwa.
Umefika.

Neno hilo la mwisho tuligombana siku mbili.
Bahizire alitaka Karibu. Nikakataa.
Karibu anaambiwa mgeni mwenye viatu safi.
Aliyezunguka usiku, simu mkono mmoja,
mtoto anayetetemeka mkono wa pili,
anataka kujua jambo moja tu.

Bado kazi haijaisha. Kuna kifuba na kifuwa,
kuna malariya yenye y na malalia yenye l mbili,
kuna mmoja huandika sukali kila Ijumaa
na sijui kama anataka kupimwa damu
au anapika chai.

Jana daftari lilikuwa na mstari mgeni,
saa kumi na moja alfajiri:
aksanti — matokeo: sifuri.
Bahizire akanyosha kidole: tusahihishe, ni ahsante.
Nikamshika mkono. Bukavu hilo ni jina la mtu,
nimesoma na Aksanti wawili, mmoja alikuwa mwizi wa kalamu.
Huenda anatafutwa nesi.
Huenda ni yule wa saa nane,
mtoto amelala sasa, na yeye hajui pa kusemea
ila kwenye kisanduku kile kile alichokizoea.

Sijaliandikia kichwa.
Nimeliacha pale, na k yake, na sifuri yake.